Familia mwenyeji Ujerumani: naombaje jiko bila kuonekana sina shukrani?

Binti_Tanga: Shikamooni wakubwa. Nasoma lugha Freiburg, nakaa na familia ya Kijerumani. Ni wema kweli, mama mwenye nyumba kanipa hadi baiskeli. Ila jioni ni mkate, jibini na matango ya siki, basi. Nalala nikiwaza wali. Halafu na baridi hii wanafungua madirisha yote! Nifanyeje?

Kaka_Leipzig: Marahaba mdogo wangu. Omba! Huku usiposema, wanajua umeridhika. Wengi chakula cha moto hula mchana. Mwambie, "Jumamosi jioni napika pilau," taja na saa kabisa. Iliki na bizari zipo maduka ya Wahindi. Madirisha ni kuzuia ukungu ukutani. Zima hita, fungua dakika chache, funga.

MamaZai: Mchele nunua mapema, Jumapili maduka mengi yamefungwa. Siku hiyo usiwashe mashine ya kufyonza vumbi, majirani watalalamika. Na chupa za plastiki zenye alama ya amana usitupe, ukirudisha dukani unapata senti 25 kila moja.

Binti_Tanga: Nimemwambia, kafurahi mno! Kauliza tu kama watoto wataweza pilipili. Kilo moja itatosha watu watano?

MamaZai: Itatosha na kiporo kitabaki. Pilipili weka pembeni, kwenye kachumbari.