BCCI: benki ya majambazi, au benki iliyoliwa na wenyewe?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kampuni kubwa ikianguka, haipiti wiki utasikia minong'ono: "nyuma yake kulikuwa na genge." Leo nataka tubishane juu ya anguko lililozaa minong'ono mingi kuliko yote ninayoyajua, la Bank of Credit and Commerce International, BCCI.

Kwa wasioikuta: ilianzishwa mwaka 1972 na mwanabenki wa Pakistan, Agha Hasan Abedi, kwa fedha za Abu Dhabi na mtaji kiasi kutoka Bank of America. Ikasajiliwa Luxembourg, ikaendeshwa kutoka London, ikafikisha matawi zaidi ya 400 katika nchi zaidi ya 70, za Afrika zikiwemo. Ijumaa ya tarehe 5 Julai 1991 Benki Kuu ya Uingereza na wenzake wa nchi nyingine wakaifunga kwa mpigo. Mtu aliyekwenda kuchukua fedha zake alikuta mlango umefungwa.

Hapo uvumi ukashika usukani. Mwezi huohuo jarida la Time likaandika habari za "mtandao mweusi" wenye makao Karachi, watu wapatao 1,500 ndani ya benki, eti kazi yao ujasusi, magendo ya silaha na unga, hongo, hata kuteka na kuua. Miaka zaidi ya 30 imepita na bado ukiitaja BCCI mtu atakuanzia na hao jamaa wa Karachi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mnipige vizuri: uhalifu ulikuwepo, tena mkubwa, lakini hadithi ya wauaji imewasitiri watu wenye suti. Shimo lililoiua BCCI lilichimbwa kwa kalamu.

Angalieni ilivyokwenda. Benki ilimwaga mikopo kwa kampuni za meli za familia ya Gokal, kiasi kwamba meli zikiyumba na benki inayumba. Deni lilipoanza kuchacha, hawakulifuta. Walifungua mkopo mpya kwa jina jingine, fedha zake zikalipa riba ya mkopo wa zamani, na kwenye vitabu mkopo wa zamani ukaonekana una afya njema. Kila mkopo wa namna hiyo ulihitaji faili, barua, saini na taarifa za akaunti, kwa hiyo kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kutengeneza karatasi tu. Idara ya hazina nayo ikapoteza mamia ya mamilioni ya dola kwenye biashara za masoko, na pengo likazibwa kwa amana za wateja ambazo hazikuandikwa kokote kama amana.

Sasa sikilizeni hili. Mpaka mwaka 1987 benki ilikuwa na kampuni mbili za wakaguzi wa hesabu: Ernst & Whinney upande wa Luxembourg, Price Waterhouse upande wa visiwa vya Cayman. Mkopo ukinuka upande mmoja, unahamishiwa wa pili. Mpango wa namna hiyo hauna haja ya bunduki.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umewapaka mafuta mno. Tampa umeiacha wapi? Wasiojua: maofisa wa forodha wa Marekani walimpenyeza mpelelezi aliyejifanya mfanyabiashara wa kusafisha fedha za makateli ya Colombia. Wanabenki wa BCCI wakampokea, wakamwelekeza namna ya kuzungusha fedha, wakawa marafiki zake kabisa. Mwisho, mwaka 1988, wakaalikwa Tampa, Florida, kwenye harusi yake. Hakukuwa na harusi. Walitiwa pingu wakidhani wanapelekwa kwenye sherehe. Mwaka 1990 benki ikakiri kosa na kunyang'anywa takriban dola milioni 14. Na Jenerali Noriega wa Panama alikuwa na akaunti humo, mtu wa kumhudumia alikuwepo. Ukikuta benki inawalea wauza unga na madikteta, halafu unaambiwa tatizo lilikuwa hesabu, huoni kama unachezewa akili?

Mleta mada

Tampa siikani, na Noriega simtetei. Ila tupige hesabu rahisi. Muuza unga akileta dola milioni moja, benki imepata dola milioni moja. Ni fedha chafu, lakini zipo. Hazitoboi mfuko, zinaujaza. Wenye benki walizipenda kwa sababu hiyohiyo: pengo lilikuwa kubwa na walihitaji amana mpya kila siku, za yeyote yule. Kwa hiyo wauza unga walikuja kwa sababu benki ilishaoza. Hawakuiozesha wao.

Halafu linganisha uzito. Tampa ni dola milioni 14. Hasara yenyewe ilikuwa mabilioni. Halmashauri ya visiwa vya magharibi mwa Scotland, watu wa kondoo na samaki huko, ilipotelewa na pauni milioni 23 peke yake. Ukimwambia diwani wa kule kwamba fedha zake zililiwa na makateli ya Colombia atakubali, maana inasisimua. Lakini ni uongo.

Mchangiaji wa pili

Mimi nasema wote mnazunguka mbuyu. Ilifungwa kwa sababu ilikuwa benki ya watu wetu, basi. HSBC, benki kubwa ya Uingereza, mwaka 2012 ilikubali kulipa dola bilioni 1.9 Marekani, sehemu kwa sababu fedha za makateli ya Mexico zilipita kwake. Imefungwa? Matawi yanafunguliwa kila asubuhi. Na CIA yenyewe, shirika la ujasusi la Marekani, ilikiri mwaka 1991 kwamba ilikuwa ikiitumia BCCI kupitisha fedha zake. Mteja wao wakati inafaa, jambazi wakati haifai.

Mleta mada

Ndugu, nusu ya maneno yako naibeba. Ubaguzi wa nani anafungiwa na nani anatozwa faini upo, na hiyo ya CIA ni aibu kweli, kwa sababu tangu miaka ya katikati ya 1980 walikuwa wakiziandikia idara nyingine za serikali yao kuhusu benki hiyo. Lakini HSBC ililipa ile faini ikabaki na mtaji. BCCI ilikuwa ganda. Kuifunga hakukumuonea mwenye amana. Kilichomuonea ni kuchelewa kuifunga.

Na kama tunaongelea watu wetu, tuwataje walioumizwa na uvumi huu zaidi: wafanyakazi. Maelfu ya makarani na wahasibu wadogo ambao hawakuwahi kuona faili la Gokal walitoka wakiwa na jina la benki kwenye wasifu wao, na hakuna aliyetaka kuwaajiri. Baadhi walikwenda mahakamani, na mwaka 1997 mahakama ya juu ya Uingereza, House of Lords, ikasema mwajiri aliyeendesha biashara kwa utapeli anaweza kudaiwa fidia kwa doa alilowaachia watu wake. Kila anayesimulia "mtandao mweusi wa 1,500" akumbuke kwamba huko nje kuna mtu aliyekuwa akihesabu noti dirishani na jirani yake anamdhania muuaji.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo kwa wafanyakazi nakuunga mkono. Kwingine bado. Wewe unalitafuta genge lenye bastola ndiyo maana hulioni. Kulikuwa na kampuni ya pembeni huko Cayman, ICIC, watu wakiiita benki ndani ya benki. Kulikuwa na wanahisa wa majina tu, na kwa mgongo wao BCCI ikaimiliki kwa siri First American, benki kubwa ya Washington, huku wasimamizi wakidanganywa. Walihonga maofisa. Walikuwa na ngazi, siri, mgawanyo wa kazi na utii kwa mkubwa mmoja. Kama hilo si genge, niambie genge ni nini.

Mleta mada

Basi tukubaliane kwamba ni genge, lakini tuwataje wanachama wake kwa ukamilifu. Swaleh Naqvi, aliyekuwa namba mbili, alikiri makosa Marekani. Abbas Gokal alipewa miaka 14 London mwaka 1997. Abedi alifia Karachi mwaka 1995, Pakistan ilishakataa kumtoa. Wakaguzi wa hesabu, waliotia saini vitabu hivyo mwaka baada ya mwaka? Walimalizana nje ya mahakama na wafilisi, yaani waliokabidhiwa kukusanya mali za benki iliyokufa. Benki Kuu ya Uingereza? Ilishtakiwa na wafilisi, kesi ikaanza kusikilizwa 2004, wakili wake akatoa hotuba ya ufunguzi iliyochukua siku 119, na mwaka 2005 wafilisi wakaiondoa kesi.

Ukiwaweka na hao kwenye orodha yako ya genge, mkuu, sina ubishi tena.

Mchangiaji wa kwanza

Wakaguzi nawaweka. Benki Kuu sijashawishika. Kulala kazini si sawa na kushiriki, na ile ripoti ya 1992 ya Jaji Bingham, aliyechunguza usimamizi wa BCCI, iliwalaumu kwa uzembe tu. Lete hoja nyingine.