Matetemeko ya Dodoma na machale: nani aliwahi kushtuka kabla haijatikisika? Tupeane uzoefu

Mpangaji wa Ilazo:
Wakuu, habari za asubuhi. Juzi usiku, saa nane na kitu, nimeamka tu. Sijaota, sijabanwa na mkojo. Nikakaa kitandani nasikiliza nisichokijua. Haikupita dakika, mabati yakalia kama kuna mtu anatembea juu na viatu, vikombe vikagongana kabatini, kisha kimya. Mke wangu hata kugeuka hakugeuka. Asubuhi jirani ananiambia ni treni. Treni gani ya kufika kabatini kwangu Ilazo?

Matetemeko tumeyazoea. Ninachouliza ni machale: nani yalimcheza kabla? Leta kisa chako mwenyewe, siyo cha shemeji wa rafiki yako.

Mama Zabibu:
Umenigusa. Enzi tunakaa Makole tulikuwa na mbwa mmoja mzembe, hata mwizi alikuwa hambwekii. Siku moja akaanza kulia na kukwangua mlango. Nikamfungulia huku namtukana, na mimi nikatoka nikamrudishe. Nikiwa uani ardhi ikatikisika. Tangu siku hiyo nilikuwa nampa nyama kabla ya watoto.

Kijana wa Mvumi:
Mbwa wanajua. Naunga mkono.

Jiwe la Mlimwa:
Mbwa hajui kitu, anasikia. Tetemeko linatuma mawimbi ya aina mbili. La kwanza lina mbio lakini ni dhaifu, binadamu wengi hawalisikii. La pili ni zito na linakuja kwa kujivuta, hilo ndilo linaloangusha vikombe. Kwa makadirio ya haraka, kila kilomita 8 kutoka chanzo zinakupa sekunde 1 kati ya mawimbi hayo mawili. Chanzo kikiwa kilomita 40, mbwa wako anakutangulia kwa sekunde 5 hivi. Huo ndio uganga wote.

Na sisi tumekaa juu ya ufa. Bonde la Ufa tawi la mashariki likifika huku kwetu linachanikachanika kama kanga kuukuu. Ule ukuta unaouona ukitoka Bahi kupanda Saranda kwenda Manyoni, mnadhani Mungu aliuweka wasafiri wapige picha? Ardhi ilikatika pale. Kuna nyufa za Bubu, za Mponde, za Hombolo. Mwezi Novemba 2002 tulipigwa tetemeko la ukubwa wa 5.5 hapa hapa Dodoma.

Mama Zabibu:
Sekunde 5? Mbwa alilia mpaka nikatafuta khanga, nikatafuta ufunguo, nikamtukana ukoo mzima. Wewe soma vitabu vyako.

Jiwe la Mlimwa:
Dada, mtu akiogopa, dakika inarefuka.

Mama Zabibu:
Dada yako yuko kwenu. Nina wajukuu wanne.

Karani wa Mtumba:
Mimi nilihamia Dodoma na ofisi. Lile la Agosti 12, 2020, la baharini, nilikuwa bado Dar, ghorofa ya nne, saa mbili usiku. Kichwa kikazunguka, nikashika meza nikasema tayari, presha imenifikia kama baba. Nikaanza kutubu. Kuangalia chini naona majirani wote barabarani, mmoja na taulo. Nilifurahi ajabu, kumbe ni tetemeko tu! Kwa hiyo mimi machale sina kabisa, mnihesabu upande wa pili.

Mhaya Ugenini:
Msicheke sana. Septemba 10, 2016 nilikuwa Bukoba, Jumamosi, mchana wa saa tisa na nusu. 5.9. Watu zaidi ya 15 walikufa. Mimi sikuwa na machale yoyote, nilikuwa nimelala usingizi mtamu, ukuta wa chumba cha pili ndio ulioniamsha ulipoanguka. Wanaosema roho inakuambia kabla, waliokufa roho zao zilikuwa wapi?

Kijana wa Mvumi:
Pole sana kaka.

Fundi Nondo:
Ukuta wa tofali mbichi bila linta ya kuzunguka nyumba nzima, hiyo ndiyo roho inayokuambia. Hapa mjini watu wanaweka linta juu ya mlango na dirisha tu, hela iliyobaki wananunua geti. Kingine, ukuta ukishapasuka mshazari kuanzia kona ya dirisha, usizibe kwa plasta ukapaka rangi. Niite.

Kijana wa Mvumi:
Hapo umejitangaza.

Mchimbaji 38:
Sijawahi kuandika kitu kirefu humu, mtanisamehe. Mimi nachimba visima, vile vya mkono. Kazi hii ilikuwa upande wa Hombolo, shamba la zabibu. Mwaka siutaji, kuna watu watanijua. Tulikuwa watatu: mimi chini, wawili juu kwenye winchi. Tulishafika futi 38. Udongo mwekundu umeisha, tumeingia kwenye kichanga chenye unyevu, maana yake maji yako karibu, na hapo ndipo tajiri hataki kusikia habari ya kupumzika.

Siku ile niliposhuka tu nikalichukia lile shimo. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Nilipiga sururu mara tano, sita, nikasimama. Harufu ni ile ile, giza ni lile lile, lakini mgongo umekuwa wa baridi. Nikatikisa kamba, wakanipandisha. Tajiri akauliza kulikoni, nikamwambia tumbo limenivuruga. Sikusema naogopa. Mimi ndiye fundi, nitasemaje naogopa shimo nililolichimba mwenyewe? Nikaenda kichakani kuutimiza uongo wangu.

Tajiri akasema basi dogo ashuke, siku isiende bure. Kule kichakani nikasikia winchi inalia. Nikajua anashuka. Sauti ingefika pale, hazikuwa hatua hamsini. Nikajiambia labda ni tumbo kweli.

Ikaja kama lori la kokoto linapita chini ya miguu. Sekunde nne, tano. Kuku walipiga kelele, basi. Kwa aliye juu ni tetemeko la kusimulia wakati wa ugali. Lakini nilipofika pale, mdomo wa kisima umemeguka upande mmoja na vumbi linatoka kama moshi wa tanuru la tofali. Mwenzangu ameikumbatia kamba, hasemi. Tukaita, kimya. Tukaita tena, akakohoa.

Kichanga kilimfika kifuani. Mtu aliyezikwa hivyo humvuti kwa winchi, utamuua. Nilishuka mimi. Nilimfukua kwa sahani ya bati, maana chepe lingemkata, na kila nikitoa sahani moja zinarudi mbili. Tulianza saa nne asubuhi, alitoka alasiri. Mguu ulivunjika mahali pawili. Alipona, ana mke na duka.

Mpaka leo anajua niliumwa tumbo. Kila tukionana ananishukuru kwa kushuka kumtoa.

Mpangaji wa Ilazo:
Dah.

Mama Zabibu:
Mwanangu, pole. Nimesoma mara mbili.

Bingwa wa Nkuhungu:
Chai hii, tena ya tangawizi. Tetemeko lisubiri uende chooni?

Fundi Nondo:
Wewe umewahi kushuka hata futi kumi? Kaa kimya usome.

Bingwa wa Nkuhungu:
Nimeshuka ngazi za benki, zinanitosha. Nauliza kwa akili tu: kama alijua, kwa nini alimwacha dogo? Na kama hakujua, kisa kinahusu nini?

Mhaya Ugenini:
Swali ni halali ila namna unavyouliza ni ya kishenzi.

Jiwe la Mlimwa:
Mchimbaji, nakuamini, ila nadhani hukuhisi tetemeko. Ulihisi kisima. Kichanga chenye maji huanza kuachia kabla hakijaanguka: punje zinadondoka, ukuta unatoa jasho, sauti ya sururu inabadilika. Sikio la mtu wa kazi hiyo linapokea kabla akili haijapanga maneno. Shimo lile lilikuwa linakuja chini hata bila tetemeko, mtikisiko mdogo ulilisukuma tu. La sekunde nne ambalo kuku tu ndio walilitangaza huenda halikufika hata 4. Kumbukeni kila namba moja ukipanda ni nguvu mara 32 hivi, siyo moja.

Mchimbaji 38:
Umenikumbusha kitu sikuwahi kukiwaza. Upande wa kushoto, usawa wa goti, ukuta ulikuwa unang'aa. Nilidhani ni maji yanakuja, nikafurahi hata. Halafu ndipo mgongo ukawa baridi.

Mama Zabibu:
Mwambie huyo kijana ukweli.

Karani wa Mtumba:
Asimwambie! Mtu kapona, ana duka, unamletea jambo la kumnyima usingizi?

Mama Zabibu:
Anayekosa usingizi ni nani hapa, wewe huoni?

Kijana wa Mvumi:
Mwambie ukiwa umemshikia mkono. Babu yangu alikuwa hasemi jambo zito bila kumshika mtu mkono.

Bingwa wa Nkuhungu:
Mchimbaji, samahani. Nilidhani ni zile hadithi zetu.

Mhaya Ugenini:
Turudi kwenye mada kidogo kwa wageni wa mji: ukisikia inaanza, usikimbilie ngazi. Chini ya meza ngumu, shika mguu wa meza.

Fundi Nondo:
Meza zipi, hizi za plastiki? Nyumba ya chini, mlango hatua mbili, wewe toka nje ukae mbali na ukuta. Ghorofani ndiyo meza. Ikitulia kafunge mtungi wa gesi.

Karani wa Mtumba:
Mimi niliambiwa simama kwenye fremu ya mlango.

Fundi Nondo:
Fremu zangu, simama. Za wengine sikushauri.

Mama Zabibu:
Fuga mbwa.

Kijana wa Mvumi:
Mchimbaji, bado unachimba? Bibi yangu anataka kisima, kwake kichanga kinaanza mapema sana.

Mchimbaji 38:
Nachimba. Kwa kichanga ni kalavati, zile pete za zege, zishuke pamoja na mchimbaji, futi kwa futi, siyo kuchimba mpaka chini ndipo uzitafute. Asiyetaka kununua kalavati simfanyii. Na siku hizi nikipanda juu nasema naogopa, tunafunga kazi wote watatu.

Mpangaji wa Ilazo:
Wakuu, mrejesho. Nimemsomea mke wangu uzi wote. Anasema juzi alikuwa macho kabla yangu, alinyamaza asinitie hofu.

Jirani bado anang'ang'ania treni.