PS3 imejiapdeti hadi 4.92, naeza irudisha 3.55?

kocha_umoja
Wasee habari za jioni, naomba msaada ju nimekwama. Niko na PS3 slim, niliinunua ikiwa imechipiwa tayari na gemu zote ziko kwa hadi diski, ndio huwa naweka kwa kibanda hapa Umoja vijana wakitoka shule wanacheza mpira. Juzi nimeenda ocha nikamwachia mpwa wangu, akaunganisha waifai, ikaitisha apdeti, akabonyeza ndio. Saa hii inasoma fimwea (ile programu ya ndani ya mashine) 4.92 na hakuna gemu inafunguka. Nimejaribu kuweka 3.55 na flashi imekataa katakata. Fundi mmoja wa tao ameniitisha 4,500 aifungue aishushe. Nitoe hiyo pesa ama kuna njia ingine?

waya_na_lehemu
Boss usitoe kwanza. Kushusha ndio kila mtu aliambiwa zamani, ju mwisho wa 2010 vijana wa fail0verflow, kikundi cha hakas, walionyesha Berlin vile Sony walikosea kwa saini zao za kuthibitisha programu, namba yenye ilifaa kubadilika kila saa ilikuwa ileile, na Januari 2011 ikatoka 3.56 kuziba hiyo shimo. Basi 3.55 ikawa kama dhahabu. Na flashi haitakubali kamwe, mashine inalinganisha namba, ikiona ya chini inatupa.

Lakini siku hizi huhitaji kushuka. Unaweka HFW, yaani fimwea ya Sony iliyoguswa kidogo, ya namba ileile yako, 4.92, unaingia brauza ya PS3 yenyewe, unaandika flashi ya ndani (chipu ya memori ya mashine, si ile ya USB) ukitumia bgtoolset, tuli ya kwa brauza, halafu ndio unaweka kastomu, yaani fimwea iliyobadilishwa na watu. Hakuna kufungua hata skrubu moja.

Pindua mashine usome modeli. 2000 na 2100 zote zinakubali. 2500 ni bahati. 3000 na zile super slim 4000 hazikubali kastomu, hizo ni HEN tu, njia ya kufungua mashine kwa muda, na HEN lazima uiwashe upya kila ukiwasha mashine, inafanya kazi poa tu lakini kwa kibanda itakusumbua.

kocha_umoja
Asante sana bro. Ni 2504. Sasa nijueje kama niko na bahati?

waya_na_lehemu
Kuna faili ndogo inaitwa MinVerChk. Fomati flashi iwe FAT32, tengeneza folda PS3, ndani yake UPDATE, herufi kubwa zote, weka hiyo faili ikiwa na jina PS3UPDAT.PUP, kisha uende apdeti kwa flashi. Haitaweka kitu, itakuambia tu mashine inahitaji fimwea gani kwenda juu. Ikisema 3.56 ama chini, uko sawa. 3.60 kwenda juu, baki na HEN.

mama_wa_gemu_kayole
Kaka nakuomba kitu moja, usianze kama stima inachezacheza. Yangu ilizima katikati ya kuandika flashi ya ndani, nikabaki na taa tu, na fundi mwenye nilimpelekea akaniomba kopi ya zamani ya hiyo flashi ya ndani na sikuwa nayo. Kwanza chukua hiyo kopi mara mbili, ulinganishe kama zinafanana, halafu ujitumie kwa imeili. Nilikaa miezi mitatu bila mashine na hiyo ndio ilikuwa inalipa kodi ya kibanda.

dogo_wa_donholm
Na PS4 je, hii njia inaingia?

waya_na_lehemu
Hapana dogo. PS4 inaweza rudi tu kwa fimwea ile moja ulikuwa nayo kabla ya apdeti ya mwisho, na ni kazi ya kulehemu, kusoma syscon, chipu inayosimamia mashine. Hiyo sasa ndio ya kulipa fundi, na umuulize kwanza kama amewahi kuifanya.

kocha_umoja
Nimejaribu saa hii, imeandika 3.50!! Nimefurahi hadi mpwa wangu amerudi kukaa sebuleni. Naomba yuu pi es (ile betri ya kushika stima ikipotea) ya jirani wa saiba kesho asubuhi, nachukua kopi kwanza vile mama amesema, nitawaambia.