Naomba ushauri: wanafunzi wakivaa kinyago, mwili unalala

Habari zenu wadau wa jukwaa. Nafundisha komedia dell'arte, ile michezo ya vinyago iliyoanza Italia karne ya 16. Vinyago vyake vingi huishia juu ya mdomo, na hapo ndipo shida inapoanzia: mdomo ukiwa huru, wanapiga porojo tu. Pantalone, mzee bahili wa Venice, kanyooka mgongo kama askari! Arlecchino, mtumishi mchekeshaji wa sarakasi, naye hata haruki.

Je, niwanyime maneno kwanza, nianze na kinyago kisicho na hisia alichofundishia mwalimu wa maigizo Jacques Lecoq kule Paris? Au niwaache wabuni vituko vyao vya lazzi, yaani vichekesho vifupi vya jukwaani, moja kwa moja? Halafu, vya ngozi ni ghali. Mliotumia vya karatasi na gundi, vinahimili jasho?