Baraghashia ya kiua ofisini Ijumaa: naitunzaje, na nawajibuje wanaouliza?

Kijana wa Mbagala
Assalamu alaykum wakuu. Nafanya kazi Posta. Nataka Ijumaa niwe navaa kanzu na baraghashia ya kiua, ile kofia ya vitundu vilivyodariziwa kwa mkono, tangu asubuhi, siyo kubadilisha nguo saa sita. Naionea fahari. Shida mbili: nikiifua inalala kichwani, na wenzangu wasio Waislamu wakiniuliza maana yake najiumauma. Nisaidieni.

Fundi Viua
Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Inalala kwa sababu wanga umetoka na maji. Kila ukifua, rudishia.

Iloweke nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni. Ukingo wa ndani usugue kwa mswaki laini, ndipo jasho na mafuta ya nywele yanapoganda. Usiisokote kuikamua: kofia ni tabaka mbili za kitambaa, zitapishana na uzi wa viua utakatika. Ikandamize kwa taulo. Dawa ya klorini iache kabisa, inakula uzi.

Vijiko viwili vya chakula vya wanga wa muhogo, vikoroge kwanza na nusu kikombe cha maji baridi, ndipo umimine kwenye lita moja ya maji yanayochemka, ukikoroga mpaka uwe uji mwepesi. Ukitia unga mkavu kwenye maji moto utapata mabonge, nayo yakikauka yanaziba matundu. Uache upoe kidogo, chovya kofia, futa uliozidi kwa kiganja, kisha zibua tundu moja moja kwa kijiti. Inauma mgongo, lakini uzuri wote wa kiua uko kwenye tundu lililo wazi. Ivishe kwenye bakuli la plastiki lenye mzingo wa kichwa chako (pima kwa futi ya fundi, juu kidogo ya masikio). Ikibaki na unyevu kidogo, piga pasi duara la juu, kisha ukanda wa pembeni.

Mama Darizi
Kanzu iishie juu ya kifundo cha mguu. Ndefu kuliko hapo utaikanyaga ngazini, na pindo litazoa tope masika haya.

Abu Swalihu
Kwenye kujibu, kaka, sema kweli tupu. Usimwambie mtu kofia ni faradhi. Swala inasihi bila kofia. Mwambie: "Ijumaa ni siku yetu ya swala ya jamaa, nami napenda kuiendea nikiwa nadhifu, kwa vazi la wazee wetu wa Pwani." Inatosha. Akitaka zaidi atauliza mwenyewe, na wewe muulize ya kwake, kwa heshima ileile.

Soma pia utaratibu wa mavazi wa ofisi yenu kabla ya Ijumaa ya kwanza, uongee na bosi mapema. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inalinda uhuru wa imani, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa dini kazini. Ila ukianza na vifungu, mazungumzo yatakuwa magumu bure.

Kijana wa Mbagala
Shukran sana. Maji ya wali yanafaa badala ya wanga?

Fundi Viua
Yanafaa, yachuje kwa kitambaa na yasiwe na chumvi wala mafuta. Ila ikauke kabisa kabla ya kuingia kabatini. Kwa joto la Dar itaota ukungu, na mende wanapenda wanga.