Nimerithi Amiga 2000 ya marehemu mjomba: niiwashe au niiache?

Mpwa_wa_Fundi
Habari zenu wakuu. Mjomba wangu ametutoka, na mimi kaniachia kompyuta aliyokuwa akiitumia kuandika majina juu ya video za harusi. Ni Amiga 2000, lile boksi kubwa la chuma, na disketi arobaini na kitu zenye mwandiko wake. Utotoni nilikuwa nakaa ubavuni kwake nikiisikiliza: hata isipokuwa na disketi ndani, ilikuwa inalia tik, tik, tik.

Jana nimefungua kifuniko. Niliwahi kusoma kuwa waliounda Amiga walitia sahihi zao kwa ndani, lakini humu sioni hata moja. Halafu karibu na kichakata kuna kitu mfano wa kipipa kidogo, na pembeni yake unga wa kijani. Kaka yangu anasema nitupe tu, kwani hata kampuni yake ilikufa kwa sababu mashine zilikuwa mbovu. Naombeni ushauri: ni halisi hii? Naweza kuiwasha? Na anachosema kaka kina ukweli?

Chuma_Kizee
Pole sana kwa msiba, mkuu. Nianze na la haraka: USIIWASHE.

Hicho kipipa ni betri ya kutunza saa, na imelehemewa kwenye bodi. Ikizeeka inavuja, na majimaji yake yanakula njia za shaba, pini na soketi. Hapo kwenye 2000 imekaa jirani kabisa na kichakata, ndiyo maana mashine nyingi zimekufa zikiwa kabatini bila kuguswa na mtu. Ing'oe leo, hata kwa kuikata miguu. Kisha sugua pale kwa mswaki na siki kidogo, maana uvujaji wa betri hizi ni wa alikali na asidi nyepesi inautuliza. Suuza kwa maji yaliyochujwa, malizia na spiriti, acha ikauke vizuri. Baada ya hapo mpelekee fundi apime njia moja moja.

Bi_Saketi
Ni halisi, usiwe na shaka. Sahihi zipo ndani ya kifuniko cha Amiga 1000 tu, ile ya kwanza iliyozinduliwa New York Julai 1985. Ninayo moja. Majina yamechorwa kwenye plastiki yenyewe, na katikati yao kuna alama ya unyayo wa Mitchy, mbwa wa Jay Miner aliyeongoza uundaji wa chipu zake. Kila ninapoifungua nausogezea taa ule unyayo.

Ya mjomba ilitoka 1987 pamoja na Amiga 500. Hiyo 500 ilikuwa ya nyumbani, kibodi na kompyuta kitu kimoja. 2000 ilikuwa ya watu wa kazi, yenye nafasi za kuchomeka kadi. Tazama kama kuna kadi ya jenloki, ndiyo iliyomwezesha kuweka maandishi juu ya picha ya video. Amiga iliifaa kazi hiyo kwa sababu mapigo ya saa yake yalipangwa kufuatana na yale ya televisheni.

Mzee_wa_Disketi
Mwambie kaka kwamba mwaka 1985 mashine hii iliendesha programu kadhaa kwa pamoja ikiwa na kumbukumbu ya KB 256, ikaonyesha hadi rangi 4096 (kwa njia maalumu iliyofaa zaidi picha tuli) na kutoa sauti nne za stereo. Nani mwingine alikuwa na hayo yote kwa dola 1,295? Ubovu haukuwa kwenye mashine. Commodore, kampuni iliyoitengeneza na kuiuza, waliinunua Amiga 1984, wakakaa nayo miaka bila kuzifanyia chipu zile mabadiliko makubwa. Aprili 1994 wakafilisika. Kampuni ya Escom wakainunua Amiga 1995, nao wakaanguka mwaka uliofuata. Kampuni ya Gateway wakaichukua 1997.

Chuma_Kizee
Nakubaliana nawe mzee, ila tusiulaumu uongozi peke yake. Amiga huigawa picha katika tabaka. Zile za 1992 zenye rangi 256, ukibadilisha nukta moja unagusa kumbukumbu sehemu nane. Kwa PC yenye VGA (mfumo wake wa picha) ilikuwa baiti moja, basi. Ulipotoka mchezo wa Doom mwishoni mwa 1993, unaochora upya nukta nyingi kila wakati, tofauti hiyo kila mtu aliiona kwa macho.

Mzee_wa_Disketi
Hapo sawa. Mpwa, kwangu disketi ndizo za kuokoa kwanza. PC ya kawaida haizisomi, hata ukiwa na kisomeo cha disketi, kwa sababu Amiga huandika kwa mpangilio wake na kujaza KB 880. Tafuta kifaa kinachoitwa Greaseweazle, unakiunganisha na kisomeo hicho kwa kebo yake, kisha na PC kwa USB. Zitazame moja moja kwanza. Yenye ukungu usiiingize, itachafua kisomeo na kuharibu zinazofuata.

Mpwa_wa_Fundi
Mrejesho wakuu. Betri imetoka. Njia mbili karibu na kichakata zimekatika, fundi ameziunga kwa waya mwembamba. Kadi ya jenloki ipo. Jana usiku tumeiwasha: skrini nyeupe, ule mkono umeshika disketi, na tik, tik, tik. Kaka alikuwa mlangoni, akavuta kiti akakaa. Disketi sijaingiza hata moja, nasubiri kifaa kifike. Ya kwanza kunakili nimeshaitenga: mjomba ameiandika "harusi ya dada", yaani ya mama yangu.