Neno "kwetu" kwenye shairi limeniletea balaa, naombeni ushauri

Mwanakwetu:
Habari za saa hizi wakuu. Niko Louisville, Kentucky, mwaka wa nane sasa. Nimealikwa kusoma shairi kwenye hafla ya maktaba tarehe 20 Juni. Kwenye ratiba nimeandikwa "mshairi kutoka Tanzania". Nimekulia mkoa wa Kigoma. Ubeti wa kwanza huu hapa:

*Kwetu ziwa Tanganyika, mitumbwi iko majini,*
*Dagaa nilianika, pale pale mchangani,*
*Leo mbali nimefika, baridi iko mwilini,*
*Moyo wangu wakumbuka, Kigoma mwisho wa reli.*

Wazee wa jumuiya yetu hapa wamekasirika. Wanasema neno "kwetu" si langu. Mama naye kasema haji. Nilibadilishe au niwapuuze? Usingizi sina.

Malenga wa Tandale:
Mizani nimehesabu, nane kwa nane, hongera. Ila kina cha mwisho umekitupa kwenye kituo: -ni, -ni, -ni, halafu -li. Ukisema ni kibwagizo nakubali, lakini basi ukirudie beti zote. Vijana wa siku hizi mnaweka kibwagizo ubeti mmoja kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

Dada Tatu:
Wapuuze. Wazee wa jumuiya za nje kazi yao kukasirika. Sisi huku Reading, Uingereza, walimkasirikia mtu kwa kuleta pilau la kuku msibani.

Kibirizi Boy:
Mwanakwetu, mimi mtu wa Kigoma mjini. Dagaa ulianika mwalo gani? Kibirizi? Katonga? Na kwa nini uwaanike mchangani? Dagaa wa mchangani bei yake inajulikana, anayejitambua anaanika kwenye kichanja.

Mwanakwetu:
Ni lugha ya kishairi mkuu. Nimesema nimekulia mkoa, sikusema mjini.

Bi Shuweikha:
Mwanangu, pole. Mie naandika kutoka Muscat. Marehemu baba aliondoka Unguja baada ya 1964, akahangaika, mpaka miaka ya sabini mlango wa Oman ulipofunguka ndipo akaja huku. Mie nimezaliwa hapa. Huku tunaitwa Wazanzibari, mpaka leo, na ukizungumza Kiswahili dukani mtu anageuka. Nilipokwenda Unguja mara ya kwanza, kijana wa teksi bandarini akaniuliza, "Mwarabu, unakwenda hoteli gani?" Nikamwambia nakwenda Malindi, kwa shangazi yangu. Akanitoza bei ya Mwarabu. Baba alikuwa akiimba taarabu za zamani jikoni akikuna nazi, na mama akimwambia punguza sauti, majirani watasikia. Sijajibu swali lako, najua.

Mnusa Chai:
Swali dogo. Tarehe 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani. Mtanzania kaalikwa pale kama nani? Unakimbia nini, tozo?

Mwanakwetu:
Hafla ni ya watu wote.

Kibirizi Boy:
Kijana, Kigoma wilaya gani?

Mwanakwetu:
Kasulu.

Kibirizi Boy:
Kasulu hakuna ziwa.

Mwanakwetu:
Sawa. Nilizaliwa Nyarugusu, kambini, 1999. Wazazi walivuka kutoka Fizi vita vya 1996. Kongo sijawahi kukanyaga. Tanzania sikuwahi kuwa raia. Ziwa lenyewe nililiona siku moja tu, kwa mbali, tukiwa kwenye basi. Sasa niambieni, niandike kwetu ni wapi? Kiswahili changu ni cha hapo, marafiki wangu wa kwanza ni watoto wa Makere, kijiji jirani na kambi. Wasifu nilishautuma na ratiba imeshachapwa, hilo limepita. Naulizia neno moja tu.

Mzalendo Halisi:
Kumbe. Hapo sasa si neno, ni uongo. Uraia una utaratibu. Wakimbizi Warundi wa 1972 walifuata utaratibu, na 2014 zaidi ya 160,000 wakapewa. Wewe unajipa mwenyewe kwa shairi.

Dada Tatu:
Mzalendo nawe! 2021 Gurnah, yule mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel si mlishangilia humu siku mbili, siku ya tatu mkaanza kubishana kama ni wetu au wa Waingereza? Mtu anaandika Kiingereza, anaishi Uingereza tangu ujana, mkamvisha bendera. Huyu anaandika Kiswahili chenye mizani kamili mnamvua.

Mukongomani wa Uvira:
Ndugu, mimi nawaelewa hao wazee. Hawakukasirikia Tanzania. Wamesikia Kiswahili chako kimenyooshwa kama shati la harusi. Sisi tunasema "batu", "bintu", "iyi". Mtoto wa Fizi akisimama mbele ya Wazungu akisema kama mtangazaji wa Dar, mama yake anasikia nini? Anasikia mtoto ameenda. Na kitovu chako si kilizikwa kambini? Zoni ya ngapi?

Malenga wa Tandale:
Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya 1969 mpaka 1972. Akatoka akaja kwetu Dar, akaenda London, akaishia Leipzig. Kote huko aliandika kwa Kimvita cha Mombasa, hakuomba radhi kwa sanifu. Nasema tu. Kina bado kimekosewa.

Mnusa Chai:
Jamani mnalia bure. Akaunti ya jana. Uzi wa kwanza. Mkimbizi wa kambini anajua vina vya kati na vya mwisho? Shule za Wakongo kule zilifuata mtaala wa Kongo, mashairi ya mizani aliyatoa wapi? Hii ni chai, tena ya rangi. Kuna mtu anaandika kitabu anatutumia kama mapanya ya maabara.

Mzalendo Halisi:
Nami nilihisi hivyo toka mwanzo.

Kibirizi Boy:
Hukuhisi kitu. Ngoja. Mimi nimefanya kazi za ujenzi Nyarugusu. Mwanakwetu, 2015 Warundi walipomiminika walilazwa wapi? Na Makere mlikuwa mnafuata nini?

Mwanakwetu:
Walilazwa kwenye madarasa yetu, sisi tukasomea chini ya mwembe. Ubao tuliuegemeza kwenye shina, upepo ukija mwalimu anaushika kwa mkono mmoja anaandika kwa mwingine. Makere tulikwenda kubadilisha mafuta ya mgao na ndizi, maana mbaazi za njano wiki ya tatu hazimezeki. Kibali hatukuwa nacho, tulipita mashambani. Mafuta mama aliyatia kwenye chupa ya maji akaifunga kiunoni mwangu ndani ya shati, nikirudi shati lina alama ya duara haitoki. Mashairi nilijifunzia redioni, na kwenye kitabu kisicho na jalada. Mpaka leo sijui kiliitwaje.

Kibirizi Boy:
Huyu alikuwepo.

Mnusa Chai:
Au kasimuliwa na aliyekuwepo. Natulia, lakini pua yangu ipo.

Bi Shuweikha:
Mwanangu, hiyo chupa ya mafuta mbona haimo kwenye shairi?

Mwanakwetu:
Kwa sababu Bi mkubwa, nikisoma hivyo, watu wananionea huruma halafu wananiuliza kama kulikuwa na simba. Mwenye ziwa na dagaa haulizwi. Lakini jana usiku niliandika ubeti mwingine, nikauweka pembeni:

*Kadi mkononi shika, kutoka ni marufuku,*
*Turubai lachanika, upepo hauna siku,*
*Dengu njano zachemka, moshi kule, moshi huku,*
*Mama ziwa akumbuka, alivyovuka usiku.*

Malenga wa Tandale:
Huu sasa. Vina vimetulia mpaka kituo. Ule wa kwanza wape Wazungu waufungie samaki.

Mukongomani wa Uvira:
Msomee mama kwanza.

Mwanakwetu:
Nimerudi. Ratiba haibadiliki, nimeuliza. Nitasema mwenyewe kwa mdomo kabla ya kusoma, au nisiseme, sijaamua. Mama nimempigia akiwa zamu kiwandani, nikamsomea wa pili. Kimya. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema: "Hapana usiku. Ilikuwa muchana, jua kali, na ile boti tulilipa." Hakusema kingine, kengele ya mapumziko ikalia.

Sasa wakuu, mstari wa mwisho nimeukosa. Mchana hauishii na -ku. Nani ana neno?

Malenga wa Tandale:
Marufuku umeshaitumia. Ngoja nikanywe chai nifikirie.

Mnusa Chai:
Nimeitwa?